Jinsi ya kukinga ngozi dhidi ya jua kutwa nzima mitaani Eastlands

WAKAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huondoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi na kurejea jua likiwa limetua. Kati ya saa hizo, maelfu yao hufanya kazi mahali pasipo na paa: wachuuzi wa Gikomba, mama mboga wa Kayole na Umoja, wahudumu wa bodaboda kando ya barabara ya Outering, makanga, hamali wa mikokoteni, vibarua wa mijengo na polisi wa trafiki katika barabara ya Jogoo.

Lugha yenyewe inashuhudia hali hiyo. Jina jua kali, ambalo leo humaanisha sekta nzima ya biashara ndogo ndogo na ufundi nchini Kenya, lilitokana na mafundi waliofua mabati peupe bila kivuli chochote. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980 ambapo serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kuwajengea mafundi wa Kamukunji vibanda vya kufanyia kazi.

Hata hivyo, wapo wengi ambao hadi leo hawajapata paa. Kwa wengi wao jua huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, sawa na vumbi na kelele. Lakini kwa wachache, hasa watu wanaoishi na ualbino, jua hilo hilo ni hatari inayoweza kukatiza maisha wakiwa bado vijana.

Kosa linalofanywa na wengi, hata wale wanaojali ngozi zao, ni kudhani kwamba kinga ni kitu cha kupakwa mara moja asubuhi na kusahauliwa. Kinga ya asubuhi haifiki jioni. Siku ndefu huhitaji mpango wa siku nzima, na katika mpango huo mafuta ya kukinga jua huja nyuma ya kivuli na mavazi, wala si mbele yake.

KWA NINI JUA LA NAIROBI NI KALI

Madhara ya jua kwa ngozi hayatokani na joto bali na miale isiyoonekana kwa macho iitwayo urujuanimno, ambayo kwa kifupi hujulikana kama UV. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua ngozi siku yenye baridi na upepo bila kuhisi chochote hadi jioni.

Nairobi ina sababu mbili za kupokea miale hiyo kwa wingi. Kwanza, jiji liko takriban kilomita 140 tu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Katikati ya mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri husimama wima kabisa juu ya jiji.

Hata mwezi Juni, wakati jua la Nairobi huwa chini zaidi, adhuhuri hufikia nyuzi 65 kutoka upeo wa macho. Katika jiji la London, jua la juu kabisa la mwaka mzima hufikia nyuzi 62 pekee. Kwa maneno mengine, jua dhaifu zaidi la Nairobi hupanda juu kuliko jua kali zaidi la London.

Pili, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba miale ya UV huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000. Hivyo basi, ingawa mkazi wa Mombasa huhisi joto zaidi, mkazi wa Dandora hupokea miale mikali zaidi chini ya anga sawa.

Mawingu nayo hudanganya. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Miezi ya Juni na Julai, wakazi wanapovaa masweta na kulalamikia baridi, si miezi ya kuacha kinga kabatini.

WHO hutumia kipimo cha nguvu ya miale kinachoanzia sifuri. Kinapofika 3, kinga huhitajika. Kinapofika 11 na kuzidi, hatari huhesabiwa kuwa ya kupindukia. Katika miji ya nyanda za juu karibu na ikweta, kipimo cha 11 au zaidi wakati wa adhuhuri ni jambo la kawaida anga inapokuwa safi.

NGOZI NYEUSI INA KINGA, LAKINI ISIYO KAMILI

Rangi asilia ya ngozi, inayoitwa melanini, ni ngao ambayo mwenye ngozi nyeusi huzaliwa nayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hutoa kinga ya takriban 13 katika kipimo kinachotumiwa kupima mafuta ya kukinga jua, ilhali ngozi nyeupe hutoa takriban 3.

Kinga hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu saratani za ngozi zinazosababishwa na jua ni nadra miongoni mwa Waafrika wasio na ualbino. Mtu mwenye ngozi nyeusi hapaswi kutiwa hofu kwamba kila mchana sokoni unamletea saratani.

Hata hivyo, ngozi hiyo pia hudhurika. Jua huzidisha madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi au vidonda, na mabaka ya kahawia yanayowapata wanawake wengi usoni hasa wakati wa ujauzito. Midomo hukauka na kupasuka. Macho nayo, ambayo hayakingwi na rangi ya ngozi, huweza kuota kinyama cheupe kinachotambaa kuelekea mboni, na miaka mingi ya jua huchangia ugonjwa wa mtoto wa jicho.

Ni muhimu pia kujua kwamba ipo saratani ya ngozi inayowapata watu weusi mahali pasipofikiwa na jua: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki wa Jamaika Bob Marley alifariki mwaka wa 1981 kutokana na saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Aina hii haizuiliwi kwa mafuta ya kukinga jua. Hugunduliwa kwa kukagua miguu.

Wanaojiweka hatarini kwa hiari ni wale wanaotumia krimu za kuchubua ngozi. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni huondoa ngao ile ile ambayo maumbile yamewapa, kisha ngozi iliyobaki hukabiliwa na jua la adhuhuri bila ulinzi. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilipiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hizo zamani, lakini vingali vinapenyezwa sokoni.

UALBINO: SUALA LA UHAI

Mtu aliyezaliwa na ualbino ana melanini kidogo mno au hana kabisa katika ngozi, nywele na macho. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe huwa na ngozi nyeusi. Si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, wala haitokani na kosa la mama.

Sensa ya mwaka wa 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu watu hawa kando, iliorodhesha watu 9,729 wanaoishi na ualbino kati ya idadi ya watu milioni 47.6.

Kwao, kila saa ya jua bila kinga huacha alama. Ngozi huungua, hukauka, huota magamba na vidonda vidogo, na baada ya miaka baadhi ya vidonda hivyo hugeuka kuwa saratani, hasa usoni, masikioni, midomoni na shingoni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985 kuhusu watu wenye ualbino nchini Tanzania ulionyesha kwamba madhara hayo huanza mapema utotoni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba karibu madhara yote hayo yanaweza kuzuiliwa. Mtoto mwenye ualbino anayekingwa tangu siku za kwanza anaweza kuishi umri sawa na ndugu zake. Tofauti kati ya maisha marefu na kaburi la mapema haiko katika damu yake, bali katika kofia, mikono mirefu na kivuli.

KIVULI NA SAA HUJA KWANZA

Kinga isiyogharimu chochote ni kujua saa. Kwa sababu ya mahali Nairobi ilipo, jua lake halifiki kilele saa sita kamili, bali kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo mchana, kutegemea mwezi. Saa nne za hatari zaidi ni kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu alasiri.

Asiyekuwa na saa atazame kivuli chake. Kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, miale bado ni hafifu. Kikiwa kifupi kuliko yeye, anahitaji kujikinga kikamilifu. Mwezi Machi na Septemba, kivuli huwa kifupi kuliko mtu kuanzia takriban saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Kazi nyingi haziwezi kusimama kwa saa nne, lakini nyingi zinaweza kupangwa upya. Fundi anaweza kupima na kukata mabati peupe asubuhi, kisha kufanya kazi ya ndani adhuhuri. Mama mboga anaweza kwenda kununua bidhaa alfajiri na kutumia adhuhuri kukata sukumawiki chini ya mwavuli.

Kivuli kizuri hupunguza miale kwa nusu au zaidi, lakini hakiizuii yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya miale hutoka angani pande zote wala si kwenye jua moja kwa moja. Kadiri mtu anavyoona anga pana akiwa kivulini, ndivyo anavyoendelea kupokea miale. Kwa hiyo mwavuli mdogo wa kibanda ni bora kuliko kukosa, ila haumwondolei mtu haja ya kofia.

Wenye vibanda wanafaa pia kukumbuka kwamba jua la Nairobi hubadilisha upande. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Miezi mingine huwa kaskazini. Turubai lililomfaa mchuuzi mwezi Desemba laweza kumwacha juani mwezi Juni.

Katika suala hili mitaa haiko sawa. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, una nyua na miti mikubwa. Pipeline, ambako maghorofa yamesongamana, kivuli cha nyumba huangukia barabara asubuhi na jioni, lakini adhuhuri jua huingia moja kwa moja katikati ya vichochoro.

MAVAZI NDIYO NGAO YA PILI

Nguo huvaliwa asubuhi na kubaki kazini hadi jioni bila kuhitaji kupakwa upya. Hiyo ndiyo faida yake kuu. Lakini si kila nguo hukinga sawa.

Njia rahisi ya kupima nguo sokoni ni kuiinua na kuitazama kwenye mwanga. Ikiwa mwanga unapenya kati ya nyuzi, miale nayo itapenya. Jinzi, khaki na vitambaa vilivyofumwa kwa kubana hukinga vizuri mno. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hukinga kidogo, na ikilowa jasho au maji hukinga kidogo zaidi. Nguo iliyochakaa au inayovutika mwilini hadi nyuzi zikaachana pia hupoteza uwezo.

Rangi iliyokolea huzuia miale kuliko rangi hafifu, ingawa huongeza joto. Shati pana la mikono mirefu, lenye kola na lililofumwa kwa kubana, humpa mvaaji kinga na hewa kwa pamoja. Mashati ya aina hiyo hupatikana kwa wingi katika mitumba ya Gikomba.

Kofia ifaayo ni ile yenye ukingo wa kuzunguka kichwa chote, upana wake ukiwa angalau sentimita 7.5, yaani takriban upana wa vidole vinne. Chepeo, ambayo ndiyo huvaliwa na vijana wengi, hukinga paji la uso na pua lakini huacha masikio na kisogo wazi. Asiyekuwa na kofia pana anaweza kutandika leso chini ya chepeo ili ifunike masikio na shingo.

Kisogo kina sababu ya pekee ya kuangaliwa Eastlands. Wanaotembea asubuhi kuelekea katikati ya jiji au Industrial Area huelekea magharibi, jua likiwa mgongoni. Jioni wanaporudi huelekea mashariki, na jua huwa mgongoni tena. Miale ya saa hizo si mikali kama ya adhuhuri, lakini kwa mwenye ualbino hujumlishwa siku baada ya siku.

Miwani ya jua nayo si mapambo. Iliyo bora huandikwa UV400, na giza la kioo pekee si ushahidi wa kinga. Kioo cheusi kisichozuia miale kinaweza kuongeza madhara, kwa kuwa mboni hupanuka nyuma yake.

MAFUTA YA KUKINGA JUA: KIASI NA MARUDIO

Mafuta ya kukinga jua ni ngao ya tatu, kwa sehemu ambazo nguo haziwezi kufunika. Namba iliyoandikwa pamoja na herufi SPF huonyesha uwezo wa kuzuia miale inayounguza. Yenye namba 15 huzuia takriban asilimia 93, yenye 30 asilimia 97, na yenye 50 asilimia 98. Kwa hiyo 50 si mara mbili ya 15, na namba kubwa haimaanishi kwamba mafuta hudumu muda mrefu zaidi.

Kwa mtu mwenye ualbino, namba isipungue 30. Mnunuzi atafute pia herufi UVA, ambazo baadhi ya watengenezaji huziandika ndani ya duara, kuonyesha kwamba mafuta huzuia hata ile miale inayopenya ndani zaidi ya ngozi na kupita kwenye vioo vya madirisha ya matatu.

Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na losheni za kawaida hazikingi jua. Zinalainisha ngozi tu. Anayezitumia azipake kwanza, kisha apake mafuta ya kukinga jua juu yake, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nje.

Tatizo kubwa ni kiasi. Vipimo vya maabara hutumia tabaka nene, na anayepaka kidogo hupata kinga ndogo kuliko namba iliyo kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha uso na shingo, na kingine kimoja kwa kila mkono mzima. Mafuta hayo hupakwa upya kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi mtu akitokwa na jasho jingi au akinawa.

Hesabu yake ni nzito. Mwenye fulana ya mikono mifupi anahitaji vijiko vitatu, yaani takriban mililita 15, kila anapopaka. Akipaka mara nne kwa siku hutumia mililita 60, na chupa ya mililita 100 haimalizi siku mbili. Chupa nyingi katika maduka ya dawa jijini huuzwa kwa zaidi ya Sh1,000, kiasi ambacho mchuuzi hawezi kukitoa mara tatu kwa wiki.

Mtu huyo huyo akivaa mikono mirefu, kola iliyoinuliwa na kofia pana, hubaki na uso na migongo ya viganja pekee. Akikaa kivulini adhuhuri hupunguza pia idadi ya marudio. Chupa ile ile hukaa zaidi ya wiki moja. Ndiyo maana nguo na kivuli huhesabiwa kwanza: ndivyo vinavyofanya mafuta yatoshe.

Chupa isiachwe juani au kwenye dashibodi ya gari, kwani joto huharibu mafuta. Tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kununua, na bidhaa zinazoanikwa kando ya barabara kutwa nzima ziepukwe.

RATIBA YA SIKU MOJA

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kutoka, mtu huvaa nguo za kinga na kupaka mafuta usoni, masikioni, kisogoni na viganjani. Mafuta ya midomo yenye SPF yasisahaulike.

Saa tatu na nusu asubuhi, kivuli kinapoanza kuwa kifupi, hufuta jasho na vumbi kwa kitambaa safi na kupaka tena. Kupaka juu ya vumbi hakufai, kwa kuwa mafuta hayashiki.

Saa tano na nusu hupaka mara ya tatu na kuanza kazi za kivulini. Anayekata mboga au kuosha vyombo apake migongo ya viganja kila anapomaliza kunawa. Saa saba na nusu mchana hupaka tena ikiwa bado yuko nje.

Baada ya saa kumi jioni miale hupungua haraka. Mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kuvua kofia. Mwenye ualbino aendelee kuvaa hadi jua litue. Usiku, ngozi huoshwa na kupakwa mafuta ya kulainisha, na ndio wakati mwafaka wa kuikagua.

WATOTO

Mtoto wa chini ya miezi sita hukingwa kwa kivuli na nguo badala ya mafuta. Mwenye ualbino huanzishiwa mafuta baada ya umri huo, na shuleni huhitaji ruhusa ya kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare haziruhusu. Saa za michezo zikiwa asubuhi mapema au jioni, mtoto hucheza na wenzake bila kutengwa.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, ushauri ni tofauti. Huyu anahitaji jua kiasi ili mwili utengeneze vitamini D, ambayo huimarisha mifupa. Watoto wanaofungiwa kutwa katika vyumba vya giza vya maghorofa wamo katika hatari ya matege. Desturi ya kina mama ya kuwaanika watoto wachanga kwenye jua la asubuhi ina maana yake, na haifai kuachwa kwa hofu isiyo na msingi.

WENGINE WANAOHITAJI UANGALIFU

Baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi hata kama ni nyeusi. Miongoni mwazo ni doxycycline, dawa ya shinikizo la damu iitwayo hydrochlorothiazide, na dawa zenye salfa kama Septrin, ambayo hutumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Anayetumia dawa hizo asiziache, bali amuulize daktari au mfamasia kuhusu kinga.

Wachomeleaji wa vyuma nao hupokea miale ya UV kutoka kwa moto wa mashine zao hata wakiwa chini ya paa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha jua miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka wa 1992, na baadaye likaongeza miale ya uchomeleaji. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi. Kinachohitajika ni ngao maalumu ya uso, glavu na shati la mikono mirefu.

DALILI ZA KUTOPUUZWA

Kidonda kisichopona kwa wiki nne, kinachovuja damu kila mara, uvimbe unaokua, gamba gumu linalorudi baada ya kubanduka au mdomo unaopasuka bila kupona ni sababu ya kwenda hospitalini mara moja. Kwa mwenye ngozi nyeusi, doa jipya jeusi kwenye wayo au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha ni onyo.

Kikigunduliwa mapema, kidonda huweza kugandishwa kwa naitrojeni au kukatwa kwa upasuaji mdogo na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo. Kikipuuzwa, huenea hadi kwenye mifupa na tezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtu mwenye ualbino anafaa kukaguliwa na mtaalamu wa ngozi angalau mara mbili kwa mwaka, hata kama haoni tatizo.

PA KUPATA MSAADA

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango, ulioanzishwa mapema katika miaka ya 2010, wa kuwapa watu wenye ualbino mafuta ya kukinga jua bila malipo, pamoja na mafuta ya midomo. Anayetaka kunufaika hupimwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na baraza hilo. Mzazi hahitaji kusubiri mtoto akue ndipo amsajili.

Yapo pia mashirika yanayotoa ushauri na kutetea haki zao, likiwemo Albinism Society of Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2006, na Albinism Foundation of East Africa, ambalo Jaji Mumbi Ngugi ni miongoni mwa waasisi wake. Tarehe 13 Juni ya kila mwaka, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kuwa siku ya kuhamasisha umma kuhusu ualbino, huwa nafasi ya kupata uchunguzi wa ngozi katika hafla za umma.

Katika nchi jirani ya Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta yake yenyewe ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, jambo linaloonyesha kwamba Afrika Mashariki inaweza kujitengenezea kinga hiyo.

Ugavi wa bure, hata hivyo, una mwisho wake. Mafuta yanapokwisha kabla ya chupa nyingine kufika, kinachobaki kati ya ngozi na jua ni shati la mikono mirefu, kofia pana na mwajiri au mwalimu aliye tayari kumruhusu mtu kukaa kivulini adhuhuri.